Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mauaji Wakati wa Vita: Mpelelezi wa Goma na Maiti Moja

Swali la kwanza ambalo msomaji wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, atamwuliza mwandishi wa riwaya ya namna hii ni gumu na halikwepeki: katika nchi ambako watu walikuwa wakifa kila siku bila kuhesabiwa, kwa nini mtu mmoja ajitese usiku na mchana kumtafuta aliyemwua mtu mmoja? Shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) lilikadiria kwamba kati ya Agosti 1998 na Novemba 2002 vita vilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.3 nchini Kongo, wengi wao wakifa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwandishi anayelipuuza swali hilo ataandika hadithi ya kawaida ya polisi na kuipaka rangi ya vita. Anayelijibu kwa hotuba, kwa kumsimamisha mpelelezi wake dirishani na kumtamkisha kwamba kila roho ina thamani, atampoteza msomaji papo hapo. Jibu lazima litoke ndani ya kazi yenyewe: katika karatasi anazoandika mpelelezi, katika milango anayorudi kuigonga, na katika kitu kimoja kidogo alichokiona juu ya maiti ambacho hakimtoki kichwani. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuijenga kazi hiyo, na nayaandika kwa ajili ya mtu anayetaka riwaya yake isomwe na watu walioyaishi mambo haya, si na wageni peke yao.

Anza na kalenda

Vita vya Kivu havikuwa vya aina moja, kwa hiyo usiandike "wakati wa vita" bila kujua vita vipi. Waasi wa AFDL waliingia Goma mwanzoni mwa Novemba 1996. Uasi wa RCD ulianzia hapa tarehe 2 Agosti 1998. Waasi wa M23 waliushika mji tarehe 20 Novemba 2012 na kuondoka kabla ya wiki mbili kwisha, kisha wakaushika tena mwishoni mwa Januari 2025. Kila mara mhuri wa ofisi ulibadilika, mtu wa kupigiwa saluti alibadilika, na gereza pamoja na mahakama vilihamia mikononi mwa watu wengine. Mpelelezi anayefanya kazi chini ya mamlaka moja hawezi kutenda sawasawa na yule wa mamlaka nyingine, na msomaji wa hapa ataligundua kosa hilo kabla hajamaliza sura ya kwanza.

Ninapendekeza kipindi cha Novemba 2001 hadi Oktoba 2002, kwa sababu matukio yake ya kweli yanampa mwandishi mifupa ya hadithi. Novemba ni mwezi wa mvua, na mvua hufuta alama. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji. Mwishoni mwa Februari wanasiasa walianza mazungumzo yao Sun City, huko Afrika Kusini, na wakubwa wa RCD wakawa na mawazo mengine kabisa kuliko faili la kijana mmoja aliyekufa. Tarehe 30 Julai 2002 Kongo na Rwanda zilitia saini mjini Pretoria makubaliano ya kuondoa majeshi ya Rwanda, na mwanzoni mwa Oktoba majeshi hayo yakatangazwa kuwa yameondoka. Ndani ya kipindi kisichotimia mwaka mmoja, mpelelezi wako anapoteza kwanza mahali pa tukio, kisha mashahidi, na mwishoni huenda akampoteza hata mtuhumiwa, na hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa kwa ajili ya kumzuia yeye. Huo ndio ukatili wa vita kwa mtu wa upelelezi. Mwandishi anayebuni jenerali mwovu anayezuia kila hatua anajipunguzia nguvu, maana ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna aliyejali kiasi cha kuzuia.

Kuhusu kuandika juu ya vita vya sasa, ushauri wangu ni kusubiri. Mashahidi wako hai, wanaishi karibu na waliowatendea, na mhusika wa riwaya anayefanana na jirani wa kweli anaweza kumletea jirani huyo balaa.

Maiti ndani ya mazuku

Goma ina kitu ambacho miji mingi duniani haina, na ni jambo la kushangaza kwamba waandishi wa hadithi za mauaji hawajakitumia zaidi. Katika ardhi ya volkano iliyo magharibi mwa mji, kuelekea Bulengo na Mugunga, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo hewa ya ukaa hutoka chini ya ardhi na kukaa bila kuonekana. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujaa shimoni kuanzia chini. Usiku usio na upepo na alfajiri ndiyo saa za hatari zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Watu huita mahali hapo mazuku. Mbuzi hufia humo, mbwa hufia humo, na watu nao wamefia humo, hasa watoto na wageni wasiojua kwamba mtu mzima anaweza kusimama akapumua ilhali mtoto aliye kando yake anaanguka.

Kwa mwandishi, maana yake ni hii: maiti ikikutwa ndani ya mazuku bila jeraha, mtaa mzima una jibu tayari, na jibu hilo ni la busara. Chifu wa nyumba kumi atasema mazuku. Komanda atasema mazuku. Familia yenyewe, kwa uchungu na kwa kuogopa maneno, itakubali mazuku na kuomba mwili izike. Mpelelezi peke yake ndiye anayekataa, na mwanzoni hana zaidi ya shaka. Hakuna mwanzo bora wa ung'ang'anizi kuliko kifo ambacho kila mtu mwenye akili anaweza kukieleza.

Sasa unahitaji ushahidi utakaotosha kumnyima mpelelezi usingizi lakini usitoshe kumshawishi mtu mwingine. Mimi ningetumia damu. Moyo ukisimama, damu hushuka kwa uzito wake hadi upande wa mwili ulio chini, na ngozi ya upande huo huanza kupata madoa ya rangi ya zambarau ndani ya saa mbili hivi. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili madoa hayo hukaa na hayahami tena, hata mwili ukigeuzwa. Mahali ambapo mwili uligusana na kitu kigumu, damu haikuweza kuingia, na ngozi hapo hubaki imepauka kwa umbo la kitu hicho. Basi maiti ikikutwa kifudifudi shimoni ilhali madoa yako mgongoni, mtu huyo alilala chali mahali pengine kwa saa nyingi baada ya kufa, na mazuku hayakumwua.

Hadithi nyingi zilizoandikwa kwingine husahau kwamba juu ya ngozi nyeusi madoa haya huonekana kwa taabu. Usilifiche jambo hilo, litumie. Mpe daktari taa moja dhaifu, mpe mpelelezi dakika chache kabla familia haijaja na jeneza, na waache waone mgongoni mistari ya mipauko iliyo sambamba, ambayo mmoja anaiona wazi na mwingine haoni hakika. Kamera haina filamu. Mpelelezi anachukua kamba, anaifunga mafundo kufuata nafasi kati ya mstari na mstari, na kuitia mfukoni. Kesho yake mwili unazikwa. Kuanzia hapo ushahidi wote wa riwaya yako ni kamba yenye mafundo na neno la mtu mmoja.

Sura ya kuikuta maiti iandike polepole, ukimfuata mpelelezi kwa macho na mikono yake. Hivi ndivyo ambavyo aya moja inaweza kwenda:

"Alifunga kibatari kwenye ncha ya fito, akakishusha shimoni kidogo kidogo. Moto ulisimama wima mpaka usawa wa majani makavu, kisha ukalala, ukawa wa buluu, ukazimika bila moshi mwingi. Akakipandisha, akakiwasha upya, akakishusha upande mwingine. Ukazimika palepale. 'Shefu, si nilikuambia?' alisema mzee wa nyumba kumi. 'Ni mazuku.' Mpelelezi hakujibu. Alikuwa akitazama viatu vya marehemu, vilivyokuwa vimefungwa kamba kwa mafundo mawili mawili, safi hadi kwenye soli, katika wiki ambayo mvua haikuwa imekatika."

Angalia kwamba jaribio la kibatari linathibitisha kauli ya mzee. Mazuku yapo kweli. Mpelelezi hakushinda ubishi. Alipata tu kitu cha pili kisichopatana na cha kwanza. Usimwache awe na akili kuliko watu wote waliomzunguka, maana wao wameishi juu ya ardhi hii na wanaijua.

Jambo lingine la kitaalamu linalohitaji uangalifu: usichanganye hewa ya ukaa na hewa yenye sumu inayotoka kwenye jiko la makaa lililowashwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Ile ya jiko huipa damu wekundu mkali; ya mazuku haifanyi hivyo. Mwandishi akizichanganya, msomaji yeyote aliyewahi kufanya kazi hospitalini atafunga kitabu. Vilevile kumbuka kwamba Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi, kwa hiyo mwili hukakamaa na kuharibika polepole kuliko katika miji ya joto.

OPJ na karatasi zake

Mpelelezi wa Kongo si mpelelezi wa sinema. Ni afisa wa polisi ya mahakama, ambaye mji mzima humwita OPJ, na kazi yake inaongozwa na karatasi. Anaandika PV, yaani taarifa rasmi ya upelelezi, anaipeleka parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na bila parke faili halifiki kwa hakimu. Kanuni za mwaka 1978 kuhusu kazi ya OPJ zilimruhusu kumshikilia mtuhumiwa kwa saa 48 na si zaidi. Ukitaka mvutano wa saa, unao hapo bila kubuni chochote. Sheria ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 inatenganisha, katika vifungu vya 44 na 45, kuua kwa kukusudia na kuua kwa kupanga kabla. Tofauti hiyo inaweza kuwa uti wa mgongo wa nusu nzima ya kitabu, kwa sababu aliyebeba mwili hadi kwenye mazuku alipanga kuficha, lakini kupanga kuficha si kupanga kuua.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni sare. OPJ wa kiraia hamshitaki askari. Askari yuko chini ya oditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi. Mara tu alama zinapoelekea kwa mtu mwenye cheo, faili linatakiwa kutoka mezani mwa mpelelezi, na chini ya RCD mwaka 2001, huku maafisa wa jeshi la nchi jirani wakiwa na sauti kubwa mjini, kulipeleka faili kwa oditora kulikuwa ni kuliaga. Mpelelezi wako analijua hilo. Kwa hiyo atafanya kitu ambacho ni halali na wakati huo huo ni wazimu: ataendelea kuandika PV zinazomtaja kila mtu isipokuwa yule mmoja, ili faili libaki kwake.

Mpe umri unaofaa. Mtu wa miaka arobaini na kitu mwaka 2001 aliapishwa chini ya Mobutu, akapokea mafunzo mapya baada ya Mobutu kuangushwa Mei 1997, na tangu Agosti 1998 anafanya kazi kwa RCD, kwenye meza ileile. Mshahara haujulikani unatoka wapi wala lini. Karatasi anainunua mwenyewe, au tuseme anainunua mke wake anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mke huyo asiwe mtu wa kulalamika tu mlangoni. Yeye ndiye mfadhili wa upelelezi, na ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi. Akimwita mumewe "Papa" pamoja na jina la mtoto wao wa kwanza, kila msomaji wa hapa atasikia sauti yake.

PV iandikwe jinsi ilivyo. Hufunguliwa kwa mwaka, siku na mwezi vilivyoandikwa kwa maneno, hutaja jina na cheo cha OPJ, huandika maswali na majibu kwa Kifaransa hata kama shahidi alisema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na hufungwa kwa kiapo kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Ningeingiza PV tano au sita ndani ya riwaya, zikiwa kamili, na kila moja ningeifanya iwe fupi kuliko iliyotangulia, isipokuwa ya mwisho.

Kuuonyesha ung'ang'anizi

Hapa ndipo riwaya nyingi za namna hii huanguka. Mwandishi humfanya mpelelezi alewe, apige kelele, asahau kula, na kudhani kwamba ameonyesha mtu aliyeshikwa na jambo. Ninavyoona mimi, mtu aliyeshikwa kweli anaonekana mtulivu. Kila hatua anayochukua, ukiitazama peke yake, ni ya busara: kurudi kwa shahidi mara moja zaidi, kupima sakafu moja zaidi, kusubiri gari moja zaidi kwenye kizuizi. Ni jumla ya hatua hizo inayotisha, na jumla hiyo mwachie msomaji aifanye mwenyewe. Ile kamba yenye mafundo ina kazi kubwa hapa. Aanze kwa kuipima kwenye sakafu ya lori. Baadaye aipime kwenye mbao zinazowekwa chini ya magunia ya madini ili yasiguse ardhi. Kisha, bila maelezo yoyote, msomaji amkute akiipima kwenye benchi la kanisa wakati wa misa, na baadaye kwenye kitanda cha mtoto wake.

Gharama lazima ionekane kwa hesabu, si kwa huzuni. Andika bei ya karatasi, bei ya betri za tochi, kiasi kilichochukuliwa kutoka mtaji wa sambaza, ada ya shule iliyochelewa. Msomaji wa Goma anazijua hesabu hizo kwa mwili wake.

Mpe mpinzani hoja bora kuliko za shujaa. Komanda wake amwulize, kwa upole na bila hila, ni majeruhi wangapi waliletwa hospitalini jana kutoka Masisi, na ni OPJ gani anayewafuatilia. Hoja hiyo haina jibu, na ningemwomba mwandishi asimtafutie mpelelezi jibu la maneno. Komanda huyo awe mtu mwema. Ikiwezekana awe amewahi kumwokoa mpelelezi katika siku mbaya za 1996, na awe anachoka kumwokoa.

Sababu ya ndani iwepo, lakini iingie kwa kuchelewa na isizidi kurasa mbili. Ningeitafuta Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda wanaokaribia milioni moja walipovuka kuingia Goma katika siku chache na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Maiti zilizofungwa kwenye mikeka zililazwa kando ya barabara, na kwa kuwa ardhi ni mwamba, makaburi yalichimbwa kwa mashine za wanajeshi wa Ufaransa. Mhusika wako, akiwa jandarma kijana, aliagizwa kuhesabu. Alihesabu, akaandika tarakimu, na hakuandika jina hata moja. Msomaji akilijua hilo kwenye ukurasa wa mia mbili, baada ya kumchoka mpelelezi na kumhurumia mke wake, ataelewa bila kuambiwa kwa nini maiti yenye jina ilimshika namna ile.

Siku ya lava

Sura ya tarehe 17 Januari 2002 itasomwa kwa jicho kali kuliko zote, maana watu waliokuwapo ni wengi na wanakumbuka. Mlima ulipasuka asubuhi, na lava iliingia mjini siku hiyo hiyo, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya eneo la biashara, ikaliunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kumwagika ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka kwenda Gisenyi, wengine wakishika barabara ya Sake. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Siku chache baadaye kituo kimoja cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota. Mtaalamu wa volkano Dieudonné Wafula alikuwa ametoa tahadhari kabla, lakini mji ulikuwa chini ya waasi na hapakuwa na serikali moja ya kuipokea na kuifanyia kazi.

Kwa upande wa hadithi, wiki moja kabla ya hapo mpelelezi awe amepata ghala ambalo mbao zake zinakubaliana na mafundo ya kamba. Liweke katika eneo la biashara. Awe ameomba hati ya kulipekua, na hati iwe imecheleweshwa na mtu fulani aliyekwenda msibani. Lava iko juu ya ghala hilo sasa, mita mbili au tatu za mwamba, na chini yake mbao zimekuwa majivu. Usimfanye alie. Mfanye avuke juu ya ganda lenye joto bado, kama walivyovuka wengi siku zile kurudi kutazama viwanja vyao, soli zikinuka kuungua, akihesabu hatua kutoka kona ya jengo lililobaki ghorofa ya juu tu, ili ajue ghala lilikuwa wapi chini ya miguu yake. Baada ya wiki kadhaa watu wataanza kuvunja mwamba kwa nyundo ili wajenge upya, na mpelelezi atakuwa anapita kila jioni kumwuliza mvunja mawe amekuta nini. Hapo, na si kabla, ndipo msomaji anapaswa kuogopa kwamba akili ya mtu huyu inaondoka.

Tukio hilo linampa muuaji bahati na linampa mwandishi nafasi ya haki: lava ilipoteza ushahidi lakini ilitawanya watu, na mlinzi wa usiku ambaye hakuthubutu kusema chochote Goma anaweza kusema mengi akiwa chini ya turubai ng'ambo ya mpaka.

Mashahidi na namna wanavyosema

Simulizi liende kwa Kiswahili sanifu, na mazungumzo yabebe sauti ya Goma kwa kiasi. Mama muuza mafuta ya taa hatasema kama mtangazaji wa redio. Atasema: "Shefu, mi sikuone kitu. Nilisikia tu mbwa iko nalia." Mistari miwili ya namna hiyo inatosha kumweka mbele ya macho; ukurasa mzima utamchosha hata msomaji wa mtaa wa Birere. OPJ naye atamwita "Mama" hata akiwa na hasira, atamwita mzee wa nyumba kumi "Mzee", na atasema "Afande" mbele ya askari yeyote mwenye silaha, hata kijana wa miaka kumi na tano. Aibu ya neno hilo la mwisho, mtu mzima akimwambia kadogo, yaani askari mtoto, inaeleza utawala wa wakati ule kuliko aya tatu za siasa.

Shahidi wa wakati wa vita hadanganyi kwa sababu zilezile za shahidi wa wakati wa amani. Anapima nani atakuwa na madaraka mwezi ujao. Kwa hiyo ushuhuda ubadilike kufuatana na habari za redio na fonia, yaani simu za redio: Pretoria ikitiwa saini, watu wawili waliokuwa hawakumbuki wakumbuke, na mmoja aliyekumbuka asahau.

Sababu ya mauaji na mwisho wake

Marehemu ningemfanya karani wa mizani katika nyumba ya kununulia madini ya koltani. Bei ya koltani ilipanda kupita kiasi mwishoni mwa mwaka 2000 na kuporomoka mwaka 2001, ikawaacha wengi na madeni kwa watu wasiosamehe madeni. Karani anajua uzito wa kweli wa kila gunia, na anayejua uzito wa kweli anajua nani alimwibia nani. Soma ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 uelewe biashara hiyo ilivyopita mikononi, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 inayoorodhesha matukio 617 ya ukatili kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Lakini usichukue tukio lolote la humo ukalifanya kitendawili cha kumchangamsha msomaji. Wale ni watu wa watu. Muuaji wako na marehemu wako wabuniwe tangu jina hadi kabila, na kabila likiwezekana lisitajwe kabisa, kwa sababu likitajwa tu msomaji ataacha kuuliza nani aliua na ataanza kuuliza kabila gani liliua.

Muuaji ajulikane. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu waandishi wa vita hupenda kumaliza kwa kusema kwamba ukweli hauwezi kupatikana, na wasomaji wa hapa wameambiwa hivyo kwa muda mrefu sana na watu waliokuwa na faida ya kusema hivyo. Mpelelezi ajue nani, wapi, kwa nini, na kwa mbao zipi. Mtuhumiwa avuke kizuizi cha mpaka mwanzoni mwa Oktoba 2002 pamoja na wanaoondoka, mchana, mbele ya umati, na OPJ awe amesimama pale akiwa na karatasi isiyo na nguvu upande wa pili.

Sura ya mwisho iwe PV ile ya mwisho, ndefu kuliko zote, isiyoelekezwa kwa parke wala kwa oditora, yenye jina la marehemu, la baba yake na la mama yake, saa, vipimo vya kamba fundo kwa fundo, nafasi za majina ya mashahidi wote zikiwa zimeachwa tupu kwa usalama wao, na kiapo chini. Kabla ya kuupeleka muswada kwa mchapishaji, mpe OPJ mstaafu asome PV hizo peke yake, bila riwaya, na mwambie azisahihishe kwa kalamu nyekundu.